Michelle Akers: Mshambuliaji Aliyepigana na Maradhi

Ushujaa una sura nyingi. Askari anaujua ule wa vitani, na mama wa nyumbani anaujua ule wa kukesha kando ya mgonjwa. Maisha ya Michelle Akers, bingwa wa kandanda ya wanawake kutoka Marekani, yanatuonyesha yote mawili.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1966 katika jimbo la California. Mwezi Agosti 1985, timu ya kwanza ya taifa ya wanawake wa nchi yake ilisafiri hadi Jesolo, Italia. Michelle alikuwamo, na katika mchezo dhidi ya Denmark alipachika bao la kwanza katika historia ya timu hiyo. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, hodari wa mipira ya kichwa, wala hakuogopa kugongana na walinzi.

Jina lake lilivuma mwaka 1991, Kombe la Dunia la wanawake lilipochezwa kwa mara ya kwanza, nchini China. Katika michezo sita alifunga mabao 10, na matano kati ya hayo aliyafunga katika mchezo mmoja dhidi ya Taiwan. Fainali ilichezwa mjini Guangzhou tarehe 30 Novemba, dhidi ya Norway. Wakati huo wanawake walicheza dakika 80 tu. Dakika ya 78, timu zikiwa sare bao moja kwa moja, Michelle aliunasa mpira, akampita golikipa na kuusukumia wavuni. Marekani ikatwaa kombe kwa mabao 2 kwa 1, yote mawili yakiwa yake.

Baada ya furaha ikaja dhiki. Mwaka 1993 alianguka uwanjani kwa kuishiwa nguvu, na mwaka uliofuata waganga wakagundua kuwa ana ugonjwa wa uchovu sugu. Uchovu huu si ule wa mtu aliyelima kutwa, ambao huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Mgonjwa hulala akaamka angali amechoka, kichwa humwuma, mawazo humchanganyika, na kila anapojikaza huzidiwa. Kwa kuwa hana jeraha linaloonekana, wengi humdhania mvivu.

Mwaka 1995, katika Kombe la Dunia nchini Sweden, aliumia mwanzoni mwa mchezo wa kwanza, na Marekani ikashindwa na Norway katika nusu fainali.

Wengine wangeaga hapo. Michelle alichagua njia nyingine: aliuacha ushambuliaji uliompa sifa, akarudi nyuma kucheza kiungo, mahali ambapo angeweza kutumia akili kuokoa nguvu. Katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Marekani ilikuwa nyuma kwa bao moja mbele ya Norway katika nusu fainali. Yeye ndiye aliyepiga penalti ya kusawazisha. Timu ikashinda, kisha ikatwaa nishani ya dhahabu. Baada ya mapambano mara nyingi ilibidi atiwe maji kwa mishipa.

Tarehe 10 Julai 1999, mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000 huko California, alicheza fainali dhidi ya China kwa dakika 90, kisha akatolewa hajiwezi. Wenzake wakashinda kwa penalti.

Alistaafu mwaka 2000, akiwa amelichezea taifa lake zaidi ya mara 150 na kulifungia mabao zaidi ya 100. FIFA ilimtangaza mchezaji bora wa karne kwa wanawake, pamoja na Sun Wen wa China.

Ndugu msomaji, mafunzo ni mawili. Kwanza, tusimwite mvivu mtu wa nyumbani anayelalamika uchovu usiokwisha. Tumpeleke kwa mganga. Pili, asiyeweza tena kushika nafasi yake ya zamani hajawa mtu wa kutupwa. Apewe nafasi nyingine inayolingana na nguvu zake, naye atalitumikia kundi lake kwa heshima ile ile.