Nyumba Imepigwa Mnada: Itibari Yarejeaje?



Miongoni mwa mambo yanayoletwa ofisini kwetu kwa sauti ya chini, liko hili: mkulima aliweka nyumba yake rehani, msimu ukenda kombo, deni likamshinda, na nyumba ikauzwa kwa mnada. Akishatoka humo na watoto wake, ndipo anapotambua kwamba alichopoteza si kuta na mabati tu. Duka halimkopeshi tena, benki haimsikilizi, na kila anayemwomba amdhamini ana safari. Amepoteza itibari. Leo twataka kueleza namna ya kuirejesha, kwani yarejeka.

Kwanza yafaa tujue kwamba msiba huu si mgeni visiwani. Wazee wetu waliujua katika bei ya hiyari. Mwenye shamba aliyehitaji fedha aliliuza kwa sharti la kulikomboa, akabaki humo humo akilipa kodi. Alipokosa kulikomboa, shamba likapotea. Bei ya karafuu iliposhuka katika ile dhiki ya ulimwengu iliyoanza 1929, mashamba mengi Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa madeni. Serikali ya wakati ule ikatoa amri mwaka 1934 za kusimamisha madai na kuzuia ardhi isihamishwe ovyo. Mwaka 1937 ukazuka mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi, wa hapa na wa Bara Hindi, waliokataa kununua karafuu, na mapatano hayakupatikana mpaka 1938. Mwaka huo huo ikatungwa sheria nyingine ya kumaliza madeni ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya Serikali, na mambo mengi yakageuka. Lakini nyumba huwekwa rehani hata leo, na deni ni lile lile.

Hayo twayakumbusha kwa sababu moja. Amri ya Serikali yaweza kumpa mdaiwa muda, lakini haiwezi kumpa itibari. Itibari huijenga mwenyewe, na kazi yake ni hii ifuatayo.

La kwanza, jua hesabu yako. Wengi hudhani nyumba ikishauzwa, deni limekufa. Sivyo. Tuseme mtu alidaiwa Sh. 12,000,000, gharama za mnada zikawa Sh. 700,000, na nyumba ikauzwa kwa Sh. 10,500,000. Huyo bado anadaiwa Sh. 2,200,000. Na kama nyumba ingeuzwa kwa zaidi ya deni na gharama, ziada ingekuwa mali yake, wala si ya mdai. Basi mwandikie mdai barua, utake hesabu kamili kwa maandishi: deni, gharama, bei ya mnada, na baki. Usiridhike kuambiwa kwa mdomo.

La pili, usimkimbie mdai. Mwendee kabla hajakuletea mtu. Usimwahidi malipo ya kila mwezi ikiwa mapato yako ni ya msimu, kwani mwezi wa pili tu utavunja ahadi, na ahadi iliyovunjwa yadhuru kuliko deni lenyewe. Yule wa Sh. 2,200,000 na aombe kulipa Sh. 550,000 kila msimu kwa misimu 4, na akikubaliwa, yaandikwe na pande zote mbili zitie saini. Na kwa kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, mwaka wa mavuno makubwa atie akiba ya msimu ujao kabla hajafikiria jambo jingine.

La tatu, jua lililoandikwa juu yako. Chini ya kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania hutoa leseni kwa ofisi zinazokusanya taarifa za wakopaji, na benki huzitazama taarifa hizo kabla ya kukopesha. Mkopaji ana haki ya kuitaka taarifa yake na kupinga kilichoandikwa kwa makosa. Deni ulilokwisha kulipa likiwa bado linaonekana halijalipwa, peleka stakabadhi na utake lisahihishwe. Ndiyo maana kila karatasi ya malipo ina thamani. Itie kwenye mfuko usioingia maji na uiweke mahali pamoja na nyenzake.

La nne, na hili ndilo linalowaangamiza wengi: usiuze karafuu zingali juu ya mti. Mtu aliyetoka kupoteza nyumba ana dhiki, na mwenye fedha taslimu huijua dhiki hiyo. Humpa kidogo leo, naye achukue mavuno yote kesho. Hivyo msimu uliokuwa ulipe deni umekwisha liwa kabla ya kuchumwa. Na magendo ndiyo mabaya zaidi. Karafuu za magendo hazina stakabadhi, na asiye na stakabadhi hana cha kumwonyesha mkopeshaji, achilia mbali hatari ya sheria. Karafuu zilizokaushwa vizuri, zikachambuliwa makonyo na kupelekwa kituoni, huacha nyuma karatasi yenye uzito, daraja na fedha. Karatasi hizo za misimu mitatu minne ni ushahidi kuliko maneno yoyote.

La tano, anza na kidogo. Weka akiba katika chama cha kuweka na kukopa, hata ikiwa ndogo, lakini isikatike. Kisha kopa fedha za kulipa wachumaji tu, kiasi ambacho mavuno yenyewe yatalipa, na ulipe kabla ya siku yake. Usikope kwa ajili ya harusi ili watu wasijue kwamba umeanguka. Watu wanajua.

Sasa neno kwa sisi tusiofikwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 280, tumeamrishwa kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki, na aya ya 282 yatufundisha kuandika madeni. Mambo haya mawili huenda pamoja. Huruma isiyo na maandishi huzaa ugomvi, na maandishi yasiyo na huruma huvunja nyumba. Hatusemi mwanachama amdhamini kila aombaye. Mdhamini hulipa mdaiwa asipolipa, na wako waliopoteza vyao kwa kumwonea mtu haya. Twasema atazamwe kwa alichofanya tangu mnada. Akiwa amelipa misimu 2 bila kukosa na akiba yake inaonekana, basi kumnyima udhamini wa fedha za uchumaji kwa sababu ya habari ya zamani si uadilifu. Wala si faida kwetu, kwani karafuu zake zikiangukia chini kwa kukosa wachumaji, hakuna anayepata.

Mche wa mkarafuu hukaa miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa, na hakuna mkulima anayeung'oa mwaka wa tatu kwa kukosa subira. Mwenye kadhia hii na aje ofisini na karatasi zake zote, hata zile asizopenda kuzitazama. Tutakaa naye faragha, tutapiga hesabu pamoja, na barua ya kwanza kwa mdai tutamsaidia kuiandika siku hiyo hiyo.