Kauri na kima punju: Yupi ni rahisi kumaliza?

Na Mwandishi Wetu

KISIWA cha Unguja kina viumbe wawili wasiofanana kwa lolote: kauri, konokono wa baharini anayejificha chini ya mawe maji yanapokupwa, na kima punju, mwenye mgongo mwekundu, anayeishi juu ya miti. Ukiulizwa ni yupi aliye rahisi kumaliza, huenda ukamtaja kauri.

Historia inaonyesha vingine. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kijerumani na Kifaransa walisafirisha maelfu ya tani za kauri wenye pete ya manjano mgongoni kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako walitumika kama fedha. Walipelekwa wengi kiasi kwamba fedha hiyo iliporomoka thamani. Kauri wenyewe hawakwisha.

Siri iko katika uzazi. Jike hutaga mayai mengi na kuyafunika kwa mguu wake hadi yaanguliwe, kisha watoto huchukuliwa na mikondo ya bahari. Ufuko mmoja ukikombwa, maji huleta wengine, kwani kauri huyu ameenea kutoka pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki.

Kima punju hana akiba hiyo. Ukiacha kundi dogo lililohamishiwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970, hapatikani popote duniani ila Unguja. Jike huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka miwili au zaidi kabla hajazaa tena. Sensa ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017 ilikadiria wanyama zaidi kidogo ya 5,800. 

Hakuna aliyempakia melini. Anayemmaliza ni mkata miti, mchoma mkaa, mwindaji na dereva mwenye haraka. Ajabu ni kwamba kima huyu naye hula mkaa, ambao wataalamu wanasema humsaidia kupunguza sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu anayoyapenda.

Jozani na Ghuba ya Chwaka vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, lakini kima hajui mpaka. Huingia mashambani na kuvuka barabara. Matuta yaliyowekwa katika barabara ya Jozani yamepunguza vifo vyake. Kwa mnyama anayezaa taratibu namna hiyo, hata jike mmoja aliyegongwa ni hasara ya miaka.