Tukidaiana Katika Kikundi: Haki na Huruma



Kila mkutano tunaufungua kwa sala. Tukimaliza kusali tunafungua daftari, na mara nyingi ni hapo kwenye daftari sala yetu inapoanza kujaribiwa. Kuna jina la mwenzetu ambaye hajalipa mkopo wake kwa miezi mitatu. Tufanye nini? Wengine watasema, "Sheria ni sheria, twende tukachukue vitu vyake." Wengine watasema, "Ni mwenzetu huyu, tumwachie Mungu." Kila upande unaona ndio wa Kikristo. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya jambo hili hata katika mwaka wa mavuno mazuri, ndiyo maana nataka tuliangalie polepole.

Mama wa cherehani

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kuna kikundi cha akina mama 24 ambacho nilikisaidia kuandika katiba. Niliwaonyesha nilivyofundishwa chuoni: mkopo uwe na wadhamini wawili, na anayekosa kulipa miezi mitatu mfululizo mali yake ichukuliwe, iuzwe. Kifungu hicho nilikiandika kwa mkono wangu, tena kwa kalamu nyekundu ili kionekane.

Mama mmoja, fundi wa kushona, alichukua shilingi 12,000. Pamoja na riba ya shilingi 1,200, alitakiwa kulipa shilingi 2,200 kila mwezi kwa miezi sita. Miezi miwili alilipa bila kusukumwa. Halafu mume wake akashikwa na ugonjwa, akalazwa, na pesa yote ya nyumba ikaingia hospitali. Septemba hakulipa. Oktoba na Novemba vilevile. Alikuwa anaona haya kuja mkutanoni, nasi tukasema anatuhepa. Mwanzo wa Desemba akina mama 15 wakafika kwake asubuhi na mapema. Wakabeba sufuria mbili, blanketi na cherehani.

Anayejua kazi ya ushonaji ataniuliza, Desemba? Ndiyo, Desemba. Ule mwezi ambao wazazi wanaanza kutafuta sare za shule za Januari, na fundi wa kijijini anapata kazi kuliko miezi mingine yote. Cherehani iliuzwa shilingi 5,000. Deni lilikuwa limebaki shilingi 8,800. Kwa hiyo mama akabaki na deni la shilingi 3,800 na hana tena chombo cha kulitafutia. Kikundi kilikosa pesa zake, kikakosa na mwanachama. Hata Jumuiya yetu ndogo ndogo ikamkosa, maana waliobeba cherehani ndio hao hao aliokuwa akisali nao rozari. Nani angeweza kurudi kukaa karibu nao?

Siku hiyo mimi sikuwepo. Lakini kifungu kilikuwa changu.

Jiwe la kusagia

Baadaye, nikitayarisha semina ya Kwaresima, nilikutana na maneno ambayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi bila kuyaona. Yako katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mstari wa 6. Hapo Mungu anakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani ya deni, liwe la chini au la juu. Nyumba za wakati ule zilisaga unga wa siku kwa mawe mawili. Ukichukua moja tu, lile lingine halina kazi, na watoto wanalala njaa. Torati inasema kufanya hivyo ni sawa na kuchukua uhai wa mtu kuwa rehani.

Endelea kusoma mstari wa 10 hadi 13. Anayedai haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua anachotaka. Asimame nje, mwenye nyumba amletee rehani mwenyewe. Na kama mdaiwa ni maskini, na kitu alichotoa ni vazi lake la kujifunika, arudishiwe kabla ya jua kutua, kwa sababu ndilo blanketi lake la usiku. Nabii Amosi (2:8) aliwakemea watu waliokuwa wakijinyoosha karibu na madhabahu juu ya nguo walizochukua kwa wadaiwa. Yaani ibada ilikuwa inaendelea vizuri tu, na nguo za maskini zimetandikwa chini yao.

Tuangalie vizuri: Torati haisemi deni lifutwe hapa. Haisemi hata rehani isichukuliwe. Inasema kuna vitu ambavyo haki yako haifiki. Basi niliposoma habari ya jiwe la kusagia nikaona cherehani, na ile blanketi nikaiona pia.

Hata sheria ya nchi inalijua jambo hili. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 44, inataja mali ambayo haiwezi kukamatwa kwa ajili ya deni hata baada ya korti kutoa hukumu. Ndani yake kuna nguo za lazima, vyombo vya kupikia, matandiko, na vifaa ambavyo fundi anavihitaji kwa kazi yake. Kumbe sisi tuliofungua mkutano kwa Baba Yetu tulifanya lile ambalo hata dalali wa mahakama amekatazwa, na sisi hatukuwa na karatasi yoyote ya korti! Kikundi kinachoingia nyumba ya mtu na kubeba vitu bila amri ya mahakama kinaweza kujikuta chenyewe ndicho kinachoshtakiwa. Katiba ya kikundi haikifanyi kuwa korti, wala chifu si korti, ingawa anaweza kuwakalisha pamoja mkasikizana. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inatia moyo njia za upatanisho, zikiwemo zile za kimila. Mkishindwa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyowekwa na sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, pale ambapo imefunguliwa.

Hawezi au hataki?

Sasa, kuna wasomaji ambao wameanza kufurahi, hasa wale wenye madeni. Wangojee kidogo.

Katika kikundi kingine, cha wanaume na wanawake, mweka hazina alitumia shilingi 36,000 za kikundi kuongezea pesa ya kununua pikipiki. Zilikuwa akiba za watu za karo. Ilipojulikana, viongozi wanne walikutana usiku wakaamua kumsamehe, kwa kuwa ni mtu wa kwaya na wazazi wake wanaheshimika. "Tusiaibishe Kanisa," walisema. Mkutano uliofuata ukaambiwa kwamba kulikuwa na makosa ya hesabu.

Hebu tujiulize, walisamehe pesa ya nani? Viongozi wale wanne walikuwa na akiba ndogo ndani yake. Nyingine zote zilikuwa za watu ambao hawakuulizwa, na mmoja wao ni mama aliyekuwa akiuza mboga kandokando ya barabara akiweka shilingi 100 kila wiki. Mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa karo, na pikipiki ikampita njiani ikimrushia vumbi. Mimi siwezi kuita hiyo huruma. Huo ni ukarimu wa mfuko wa mwingine.

Zakayo (Luka 19) hakuomba msamaha akaishia hapo. Alisema kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inafundisha kwamba mali iliyoibwa inapaswa kurudishwa kwa mwenyewe. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya 1980 juu ya huruma ya Mungu, alieleza kwamba haki peke yake haitoshi, lakini akaeleza pia kwamba msamaha haufuti madai ya haki. Yule mweka hazina angeweza kusamehewa na bado alipe, hata kama ni shilingi 1,000 kwa mwezi kutoka kwa pikipiki hiyo hiyo, na daftari akabidhi mtu mwingine. Wanachama wangalijua ukweli, naye angalikuwa na njia ya kurudi kwa heshima. Badala yake watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kimyakimya.

Kwa hiyo kabla ya kusema haki au huruma, kikundi kijue kwanza: huyu hawezi au hataki? Hilo halijulikani mkiwa mmekaa chini ya mti mkiulizana. Linajulikana kwa kwenda. Na msingoje miezi mitatu. Akikosa mara moja tu, watu wawili wamtembelee, si kumi na watano. Waende mchana, mmoja awe mtu anayemwamini. Wamuulize hali ya nyumbani kabla ya kumuuliza pesa. Siku hizi waulize kwa upole pia habari za mikopo ya simu, kwa sababu wengine wanakopa huko ili walipe kikundi, halafu wanakopa tena ili walipe simu, na sisi tukiona amelipa tunampigia makofi. Tena msitangaze jina la mtu kwenye kundi la WhatsApp, wala nje ya kanisa baada ya Misa. Mtu aliyeaibishwa hatafuti pesa, anatafuta njia ya kuhama.

Huruma ina gharama yake

Tunapenda mfano wa mtumishi asiye na huruma (Matayo 18:23-35), lakini tunaupitia mbio. Tunafikiri mtumishi mwenzake alikuwa akidaiwa senti kidogo. Sivyo. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo dinari 100 ni kazi ya siku mia. Tuseme kibarua cha shambani ni shilingi 400 kwa siku, basi alikuwa akidaiwa shilingi 40,000. Ni deni la kweli, linalouma. Yesu hasemi ni kidogo ndani ya mfuko wa maskini. Ni kidogo likiwekwa karibu na talanta 10,000 ambazo mfalme alifuta, maana talanta moja tu ilikuwa karibu dinari 6,000. Na zile talanta hazikupotea hewani. Mfalme ndiye aliyeingia hasara.

Ndani ya kikundi chetu mfalme ni nani? Ni sisi sote. Deni likiachwa, kila mmoja amelipa kipande. Hapo ndipo ugomvi unatokea, kwa kuwa watu wanalipishwa huruma ambayo hawakupanga. Afadhali ipangwe mapema, mchana, mkiwa hamjui itamfikia nani. Wale akina mama 24 wangeweka shilingi 20 kila wiki katika mfuko wa msaada, kwa mwaka ni shilingi 24,960. Miezi mitatu aliyokosa mama wa cherehani ilikuwa shilingi 6,600. Mfuko ungemsimamia hadi Januari, ashone sare, alipe, na bado pesa ibaki. Mfuko huo uwe na daftari lake na usichanganywe na pesa za mikopo. Katiba iseme ni shida gani zinahesabiwa (ugonjwa wa kulazwa, kifo nyumbani, moto, mafuriko), nani anathibitisha, na kwamba riba na faini zinasimama wakati huo. Iseme pia ni vitu gani havitaguswa kamwe. Mdhamini naye aelezwe kabla hajatia sahihi, si baada.

Swali la mjane

Tuliporudi kwa kikundi kile kubadilisha kifungu changu, nilidhani kazi itakuwa rahisi. Mwenyekiti alipendekeza zile shilingi 3,800 zifutwe, na mama aombwe msamaha na aalikwe kurudi. Wengi wakaitikia. Halafu mjane mmoja akasimama. Akasema, "Mwaka jana nilipokosa, niliuza mbuzi wangu wa maziwa nikawalipa nyinyi yote. Mjukuu wangu alikunywa chai ya mkandaa miezi mitano. Mbona mimi hamkuniambia habari ya huruma?"

Nyumba ikanyamaza. Mimi nilikuwa na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu tayari mdomoni, nikaumeza. Haukuwa wakati wake. Mwenyekiti, ambaye hakusoma sana lakini ana akili, akasema, "Mama, ni kweli. Na wewe tulikukosea." Hakuongeza kitu.

Walijadiliana mpaka jua likapungua. Waliamua shilingi 3,800 zifutwe kutoka faida ya mwaka, kila mmoja akijua inamkata ngapi, na mjane naye atolewe kitu katika faida hiyo kuelekea mbuzi mwingine. Cherehani haikupatikana, ilikuwa imeshauzwa mara ya pili. Wanne wakachaguliwa kumwendea yule mama, nami nikaomba niwe wa tano.

Kisha katibu akafungua ukurasa mpya kuandika orodha ya vitu ambavyo havitachukuliwa tena. Akauliza aanze na nini. Mjane ndiye aliyejibu kwanza. "Andika mbuzi wa maziwa," akasema, "halafu cherehani."