Mujibu na kujitolea: nani huitwa JKT, na huchaguliwaje?

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha sita ukishamalizika mwezi Mei, swali moja huzunguka Tanga kuanzia shule za Galanos na Usagara mpaka Korogwe Girls: majina ya JKT yametoka? Wakati huohuo, mitaani Ngamiani na Makorora, huko Pangani na vijiji vya Mkinga, wapo vijana wengine walioishia darasa la saba au kidato cha nne, nao wanauliza jambo linalofanana: fomu za JKT zinatolewa wapi? Wazazi wengi huyachukua maswali haya mawili kama moja. Ni mawili, majibu yake yanatofautiana, na kuyachanganya kumewagharimu watu muda, fedha na matumaini.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 10, 1963, baada ya Umoja wa Vijana wa TANU kulipendekeza katika mkutano wake wa mwezi Aprili mwaka huohuo. Lengo la Mwalimu Nyerere na wenzake lilikuwa kuwakusanya vijana wa makabila, dini na elimu tofauti, wale pamoja, walime pamoja na wajifunze kuilinda nchi. Mwanzoni walijiunga kwa hiari. Mwaka 1966 serikali ilipoamua kwamba wasomi nao lazima wapite huko, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam Oktoba 22. Hawakuridhika kutumikia miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara baada ya miezi ya kambini. Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaratibu wa lazima ukaendelea hadi mwaka 1994, uliposimamishwa kwa sababu ya ufinyu wa bajeti, kisha ukarejeshwa Machi 2013 wakati wa Rais Kikwete.

Hapo ndipo yanapotoka makundi mawili tunayoyajua leo: vijana wa mujibu wa sheria, ambao mtaani huitwa "mujibu", na vijana wa kujitolea.

Tuanze na mujibu. Kundi hili ni la wahitimu wa kidato cha sita, na hakuna fomu ya kujaza wala usaili wa kwenda kuufanya. Makao makuu ya JKT hutangaza orodha inayoonyesha kila mhitimu amepangiwa kambi ipi na siku ya kuripoti. Mafunzo huchukua takriban miezi mitatu, kati ya mtihani na kufunguliwa kwa vyuo. Kwa sisi wa pwani huo ndio msimu wa kusi na kipupwe.

Kuitwa mujibu hakumaanishi kwamba mtoto wako amewashinda wenzake. Sheria inamhusu kila mhitimu, awe amepata daraja la kwanza au la tatu, wa shule ya serikali au ya binafsi. Kwa miaka mingi baada ya 2013, nafasi za makambini zilikuwa chache kuliko wahitimu, ndiyo maana darasani wawili waliokaa dawati moja waliweza kuachana, mmoja akaitwa na mwingine akabaki. Aliyebaki hakufeli chochote, na aliyeitwa asidhani ni hiari kwenda au kutokwenda.

Mkoa wetu una kambi mbili zinazojulikana sana. Maramba JKT, kikosi cha 838, iko wilayani Mkinga chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mgambo JKT, kikosi cha 835, iko Kabuku wilayani Handeni, na wapenzi wa soka wanaikumbuka timu yake iliyocheza Ligi Kuu na kutumia uwanja wa Mkwakwani. Hata hivyo, kuishi Tanga hakukupi haki ya kupangiwa Maramba. Mtoto wa Pongwe anaweza kujikuta Mafinga kwenye baridi ya Iringa, au Rwamkoma mkoani Mara, huku mtoto wa Bukoba akiletwa kwetu. Kuchanganya vijana ni sehemu ya shabaha ya jeshi hili tangu mwanzo, kwa hiyo mzazi asipoteze wiki nzima akitafuta mtu wa kumbadilishia mwanawe kambi ili awe karibu na nyumbani. Wahitimu wenye ulemavu wa kuonekana wamekuwa wakielekezwa kuripoti Ruvu JKT, Mlandizi mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia.

Tangazo la wito huja na orodha ya vifaa, na ni vyema kuisoma neno kwa neno. Bukta iwe ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana iwe ya kijani. Raba ziwe za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa anayekwenda mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Ukiingia maduka ya nguo ya Tanga mjini wiki hiyo, utaona wazazi wakinunua bukta yenye zipu kwa kuwa ni nzuri zaidi au bei yake imeshuka. Kuruta atakayevaa bukta hiyo kwenye mchakamchaka alfajiri ataonekana tofauti na kombania nzima, na itabidi atafutiwe nyingine.

Kipengele ambacho wengi hukipita haraka kwenye orodha hiyo ni nyaraka. JKT huwataka vijana waende na vyeti vinavyohitajika kwa udahili wa vyuo, kikiwemo cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Sababu yake iko wazi ukiitazama kalenda. Matokeo ya kidato cha sita hutoka kijana akiwa bado kambini, na maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu hufunguliwa katika miezi hiyohiyo. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kijana aliyeacha vyeti vyake kabatini kwa bibi kule Muheza anaanza kupiga simu usiku kuomba mtu amtafutie, apige picha, atume, na siku zinakwenda.

Sasa tuje kwa kujitolea. Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, na hapa ndipo panapohitaji maandalizi marefu. JKT hutangaza nafasi, halafu maombi yanaratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya anakoishi mwombaji. Kwa mkoa wa Tanga maana yake ni wilaya nane: Tanga, Mkinga, Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi. Mwombaji huanzia serikali ya mtaa au kijiji chake, anakojulikana kwa sura na kwa tabia, kisha huenda wilayani kwa usaili.

Masharti ya msingi hayabadiliki sana. Awe raia wa Tanzania, mwenye afya njema na akili timamu, mwenye mwenendo mzuri, asiyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai wala kujihusisha na dawa za kulevya. Asiwe na michoro ya kudumu mwilini. Hina na piko hufutika, tatuu haifutiki, na kijana anayeota kuvaa sare alifikirie hilo kabla ya kumruhusu mtu kumchoma sindano mkononi. Kuhusu umri, matangazo ya miaka ya karibuni yamemtaka aliyemaliza darasa la saba awe na miaka 16 hadi 18, wa kidato cha nne asizidi 20, wa kidato cha sita asizidi 22, na mwenye shahada asizidi 26. Soma tangazo la mwaka wako, kwa sababu lenyewe ndilo linalotumika siku ya usaili.

Katika usaili, karatasi huwaangusha wengi wenye miguu mizuri ya kukimbia. Kwetu pwani tatizo kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhidini Mohamedi, cha shule kinasema Mhidin Mohammed, na kitambulisho cha taifa kina jina la babu lisiloonekana kwingine. Nyumbani wote wanajua ni mtu mmoja. Mezani kwa kamati ya usaili ni watu watatu, na kamati haina njia ya kujua yupi ndiye. Kurekebisha jina kwa hati ya kiapo au kupitia RITA na NIDA kunachukua muda, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike kijana akiwa bado kidato cha tatu, tangazo likiwa halijatoka. Vivyo hivyo kwa watoto waliozaliwa nyumbani wasipate cheti mpaka leo.

Aliyechaguliwa hupelekwa kambini, hupimwa afya tena, na mwenye tatizo linalomzuia kustahimili mafunzo hurudishwa. Mkataba wa kujitolea ni wa miaka miwili: kwanza mafunzo ya awali ya kijeshi, yaani kwata, silaha, nidhamu na uzalendo, kisha stadi za kazi, kilimo, ufugaji na ufundi. Makundi hupewa majina ya operesheni, kama Operesheni Kikwete au Operesheni Magufuli, na ukimkuta fundi wa miaka hamsini Korogwe akitaja operesheni yake utaona anavyosimama wima.

Wengi hujitolea wakilenga ajira, kwani JWTZ na vyombo vingine vya ulinzi na usalama hutafuta askari wapya miongoni mwa waliopita JKT. Hilo ni kweli. Lakini JKT lenyewe hurudia katika matangazo yake kwamba halitoi ajira wala halimhakikishii kijana ajira baada ya mkataba. Linatoa mafunzo ya kumwezesha kujiajiri. Kijana aende akijua kwamba baada ya miaka miwili anaweza kurudi Pangani na ujuzi wa kufuga au kuchomelea vyuma, aufanyie kazi. Atakayekwenda kwa matarajio hayo atafaidika hata jina lake lisiposomwa kwenye orodha ya jeshi.

Pengo hilo kati ya matarajio na nafasi ndilo shamba la matapeli. Hujitambulisha kama maofisa, hutuma namba ya simu, hudai fedha ya fomu, ya kipimo au ya "kumkumbuka" mkubwa fulani. Familia zimeuza mbuzi, minazi, hata mashine ya boti, zikabaki mikono mitupu.

Wazazi na wenyeviti wa mitaa na vijiji, tuwalinde hawa vijana. Mujibu huitwa kwa orodha ya wazi, na wa kujitolea huomba kupitia wilaya yake bila malipo. Atakayekudai hata shilingi elfu kumi ili amwingize mwanao JKT, mpeleke Polisi au TAKUKURU. Nafasi ya kulitumikia taifa haiuzwi.