Sarafu za Roma: Sauti ya Mtawala Mkononi mwa Raia

Sarafu ya Roma ya kale ilitengenezwa kwa nyundo. Fundi aliweka kipande cha fedha au shaba kati ya chapa mbili za chuma, akapiga, na picha zikajichora pande zote mbili. Kwa kuwa askari walilipwa mshahara kwa sarafu na raia wakalipia kodi kwa hizohizo, picha hizo zilifika hadi mipakani mwa dola.

Mwanzoni zilikuwa picha za miungu na za mababu mashuhuri. Mwaka 44 KK, Julius Caesar alivunja desturi akiwa hai bado: sura yake mwenyewe ikapigwa kwenye dinari za fedha. Wengi waliona kwamba anautaka ufalme, na tarehe 15 Machi mwaka huohuo akauawa.

Brutus, mmoja wa waliomuua, alitoa dinari zenye majambia mawili na, katikati yake, kofia aliyovaa mtumwa aliyeachwa huru. Hata asiyejua kusoma aliuelewa ujumbe: Roma imekombolewa kwa jambia. Hata hivyo, upande wa pili Brutus aliweka sura yake mwenyewe, kama Caesar alivyofanya.

Baadaye, mtawala Augustus aliitumia njia hii kwa ustadi zaidi. Baada ya kuiteka Misri alitoa sarafu yenye picha ya mamba na maneno "Misri imetekwa". Alifariki akiwa na miaka 75, lakini kwenye sarafu alibaki kijana hadi mwisho. Mtawala Vespasian naye, aliyepata madaraka kupitia vita vya Warumi kwa Warumi, alihitaji ushindi wa kujivunia. Jerusalem ilipoanguka mwaka 70 BK, sarafu zake zilionyesha mwanamke wa Kiyahudi ameketi chini ya mtende, amejiinamia kwa majonzi.

Katika karne ya tatu, maneno na hali halisi viliachana kabisa. Sarafu za mtawala Gallienus zilitangaza uaminifu wa askari wakati majemadari wakiasi mmoja baada ya mwingine, na mwaka 268 maofisa wake wenyewe wakamuua. Kufikia hapo, fedha ndani ya sarafu hizo ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 5. Ndiyo maana wanahistoria huzisoma sarafu hizi kama ushahidi wa kile ambacho mtawala alitaka kiaminiwe, kisha hulipima dai lake kwa matukio, na kwa madini yenyewe.