Maboresho ya Michezo ya Udereva Yanavyowagusa Wachezaji na Wabunifu wa Magari ya Kitanzania

Mafinga, Iringa

Mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya pamoja na malori ya mbao kutoka Mufindi hupita Mafinga kila siku kupitia Barabara Kuu ya TANZAM. Magari ya aina hiyo ndiyo ambayo vijana wa Kitanzania wamekuwa wakiyaingiza katika michezo ya udereva, hususan Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017 kwa ajili ya simu, na Euro Truck Simulator 2, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki. Nyongeza hizo, zinazojulikana kama modi, huchukua wiki nyingi kutengenezwa, na toleo jipya la mchezo linaweza kuziharibu kwa usiku mmoja.

Sababu ni ya kiufundi. Modi haijitegemei, huita mafaili ya mchezo kwa majina yake na mahali yalipohifadhiwa. Kampuni ikibadili jina la faili, au namna mchezo unavyochora mwanga, wito huo haujibiwi. Basi huonekana jeusi, hukosa magurudumu, au mchezo mzima hujifunga. Rangi na maandishi ya ubavuni, kwa kuwa ni picha tu, mara nyingi husalimika. Ramani ndizo huumia zaidi, na Euro Truck Simulator 2 hupata matoleo makubwa mara kadhaa kwa mwaka. Mbunifu anayefanya kazi peke yake, tena bila malipo, hujikuta akikarabati kazi ya zamani badala ya kuanza mpya. Wengine huacha kabisa.

Hata hivyo, si haki kuzilaumu kampuni kwa kila badiliko. Maboresho huziba mianya ya usalama, na duka la Google Play huwataka watengenezaji kuzioanisha programu zao na matoleo ya karibuni ya Android.

Kwa mchezaji, gharama ya kwanza ni kifurushi cha intaneti. Anaweza kuzima upakuaji wa moja kwa moja katika mipangilio ya Google Play, kisha akasubiri hadi mbunifu wa modi atangaze kuwa kazi yake inaendana na toleo jipya. Mwenye kompyuta ana nafuu zaidi, kwani Euro Truck Simulator 2 huruhusu kurejea toleo la awali kupitia Steam. Kwenye simu njia hiyo haipo, na hapo ndipo hatari ilipo: wengi hutafuta toleo la zamani kwa watu wasiowafahamu, na faili la namna hiyo linaweza kubeba programu ya kuiba nywila na taarifa za fedha.

Kwa upande wa wabunifu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta na kazi za sanaa, na ushauri kuhusu haki hizo hutolewa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Ulinzi huo hauondoi wajibu wa kuomba ridhaa ya kampuni ya mabasi ambayo nembo yake imetumika. Aidha, mbunifu anapaswa kutunza mafaili yake ya awali ya michoro nje ya simu au kompyuta anayochezea, na kuandika katika kila modi namba ya toleo la mchezo lililotumika kuijaribu.