Kafara ya Jirani Zetu

Neno kafara sisi watu wa Pwani twalijua tangu utotoni. Maradhi yakizidi mjini, wazee hutoa ng'ombe akazungushwa mitaani kwa dua, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa. Chuoni tukaongezewa maana ya pili, ya sheria: mwenye kuvunja kiapo humlazimu kafara, alishe maskini 10 au awavishe, na asiyeweza afunge siku 3. Mzizi wa neno ni wa Kiarabu, kufunika, na Mayahudi nao wana ndugu yake, Kipur, siku yao kuu ya toba.

Wamisionari walipokuja kutafsiri vitabu vyao hawakubuni msamiati mpya. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Askofu Steere akafanya kazi yake Unguja, na wote walichota kisimani petu: dhambi, toba, imani, sadaka, dhabihu. Hata Biblia nzima ya Kiswahili cha Union, iliyotoka mwaka 1952, imejaa maneno hayo. Basi Mwislamu wa Pwani akimsikiliza mhubiri wa Nairobi, kila neno alifahamu, na maana ikampita kando.

Mfano mzuri upo mchana, saa za chakula. Ukitoka Msikiti wa Jamia baada ya adhuhuri, ukafuata barabara ya Muindi Mbingu, mara unafika bustani ya Jeevanjee. (Aliyewapa watu wa mji bustani ile mwaka 1906 ni Mwislamu wa Kibohora, A. M. Jeevanjee, wahubiri wengi wanaoinyanyulia sauti sidhani kama walijua.) Makarani wamekaa na mihogo yao ya kukaanga, na kijana mwenye kipaza sauti anatoka jasho. "Umeokoka?" anauliza. "Umeoshwa kwa damu ya Mwanakondoo?" Kwetu damu ni najisi, nguo ikiingia damu husali nayo. Iweje damu ioshe?

Hesabu yao ni hii. Kwao dhambi si makosa ya mtu mmoja mmoja tu, bali ni deni lililoanza kwa Adamu, na binadamu hana cha kulilipia. Katika Hekalu la Yerusalemu, siku ya Kipur, kuhani mkuu alichukua mbuzi wawili: mmoja alichinjwa na damu yake ikanyunyizwa patakatifu, wa pili akawekewa mikono kichwani, akatwikwa dhambi za watu na kufukuzwa jangwani. Warumi waliliangamiza Hekalu mwaka 70. Wakristo husema mbuzi wale walikuwa kivuli, na mwenye kivuli ni Isa, aliyekufa msalabani mara moja kwa ajili ya wote. Ndiyo maana hawachinji. Mkatoliki katika kanisa la Familia Takatifu, hapo katikati ya mji, huamini kwamba katika misa sadaka ileile huletwa mbele yake. Waprotestanti wengi husema ni ukumbusho.

Wao wenyewe hawakuafikiana jinsi kifo hicho kinavyookoa. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11 alisema ni deni la heshima alilodaiwa Mungu. Wa kale zaidi walisema ni fidia, kama mtu anavyokombolewa utumwani. Fikra hii ya pili Pwani haikuhitaji tafsiri. Huko Freretown, Mombasa, walikowekwa watumwa walioachwa huru kuanzia mwaka 1875, aliyesikia neno Mkombozi alijua hasa linasema nini.

Yetu mnayajua: kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine, kwamba Nabii Isa (A.S.) hakusulubiwa, na kwamba nyama na damu za wanyama wa Idi hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali humfikia ucha Mungu wetu. Mjadala huu una karne nyingi na safu hii haitaumaliza. Nilichotaka kujua ni kingine: itikadi ile humfanyia nini mtu siku ya dhiki?

Nikapanda matatu ya 46 mpaka Kawangware, kwa bibi mmoja wa umri wa miaka 80 na ushei. Baba yake alikuwa mtu wa Uamsho, ile harakati iliyowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ikapita Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937, na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza. Wakikuyu waliwaita watu hao ahonoki, waliookoka.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Kiapo cha Mau Mau kilikuwa kwa nyama na damu ya mbuzi, na ahonoki wengi walikikataa. Hawakusema kwamba ardhi si yao wala kwamba mzungu ana haki. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu, na hawawezi kuchanganya damu mbili. Serikali ikafurahi, ikawapa bunduki wawe askari wa ulinzi wa vijijini. Wengi wakazikataa nazo, kwa hoja ileile, kwamba aliyefiwa hamuui ndugu yake. Wakawa hawaaminiki huku wala kule, na baadhi yao wakauawa.

"Baba alifuatwa usiku," bibi akanieleza. "Akawaambia, mimi nilishaapa. Wakauliza, kwa mbuzi gani? Akasema, kwa Mwanakondoo. Wakampiga wakamwacha na mkono uliovunjika."

"Hukuona kwamba angeweza kula tu ile nyama, bibi, akatubu baadaye?"

"Mama alimwuliza hivyo hivyo, mwanangu. Akajibu kwamba angekuwa anasema ile ya kwanza haikutosha."

Mambo hayo yalirudi mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa Julai 5, watu walipopelekwa Gatundu kulishwa kiapo. Waumini wa Kipresbiteri walikataa tena, na mmoja wao alipigwa akafa. Miongoni mwa waliomwendea Rais Kenyatta kumkanya alikuwa Askofu Obadiah Kariuki, mtu wa Uamsho mwenyewe, na shemeji yake.

Nilipotaka kuaga bibi akanizuia. Alisikia kwamba Waislamu nao huchinja kumkumbuka Ibrahimu. Yule kondoo alikufa badala ya nani? Nikamwambia, badala ya mwanawe Ibrahimu, na Qurani huiita fidia.

"Basi mnayo," akasema.

Nikamwambia tunayo, lakini aliyekombolewa pale ni kijana mmoja kutoka kisu kimoja, na dhambi haikutajwa. Alifikiri kitambo. Akasema atamwuliza mchungaji wake Jumapili, kisha akanimiminia chai ya pili.